Babu Aliyezaliwa Ulaya

Anayewajibika ni ofisa wa dirisha la pili. Naliandika hili mwanzoni ili msomaji asihangaike kumtafuta mkosaji katika kurasa zinazofuata. Si mama yangu, ingawa alijua na akanyamaza. Si mwalimu wa kanisa aliyeliandika neno lile kwa wino ambao hadi leo haujafifia. Wala si babu yangu, mzaa mama, ambaye siku neno hilo lilipoandikwa alikuwa mchanga wa kubebwa mgongoni, haijui Ulaya wala haijui Hasamba. Ni ofisa wa dirisha la pili, katika ofisi moja ya mjini Tunduma nisiyoitaja, aliyeuona uso wa mama yangu na kuuona waraka, akachagua kuuamini waraka peke yake.

Mimi mwenyewe ni mtu wa waraka. Nilistaafu nikiwa msimamizi wa masjala ya halmashauri, na katika utumishi wangu wote nilipokutana na jalada lisilo na namba za folio usingizi wangu uliharibika. Kwa hiyo simlaumu ofisa kwa kuyaheshimu maandishi. Namlaumu kwa kuyasoma kama abiria asomavyo kibao cha barabarani, basi likiwa mwendoni.

Shauri lenyewe lilikuwa jepesi. Wapimaji wa ardhi walikuwa wamefika Hasamba kuandikisha mashamba ya wanakijiji, na kila mwenye shamba alitakiwa kuwa na kitambulisho cha taifa. Mama yangu, mtoto pekee aliyebaki wa baba yake, ana shamba la kahawa ambalo babu alilipanda kwa mikono yake na ambamo amezikwa. Kitambulisho hana. Hakuwahi kukihitaji, kwa kuwa pale Hasamba hata kuku wanamfahamu. Nikamchukua, tukaja Tunduma tukiwa tumevaa nguo za Jumapili.

Kwa kuwa mama hana cheti cha kuzaliwa, ofisa aliomba ushahidi wowote wa wazazi wake. Mama akafungua kitambaa chake, akatoa kadi ya ubatizo ya babu, ambayo mimi, mwanawe, sikuwahi kuiona. Ofisa aliisoma, akainua macho.

"Bibi, baba yako alikuwa Mzungu?"

Foleni nzima ikacheka. Mama hakucheka.

"Alikuwa mweusi kukupita wewe."

"Mbona hapa, mahali alipozaliwa, pameandikwa Ulaya?"

"Kama pameandikwa, pameandikwa."

"Nakuuliza wewe, bibi yangu. Alizaliwa Ulaya?"

"Si umesoma mwenyewe?"

Nikaomba kuiona kadi. Ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko mzuri, wa mkono uliofundishwa kutokimbia. Ulaya. Wala haikutajwa nchi gani ya Ulaya.

"Mzee wangu," ofisa akaniambia, "hapa ni mpakani na Zambia. Watu wanatuletea baba wa Mbala, baba wa Isoka, baba wa Kongo. Wa Ulaya ndiye wa kwanza. Nitafanyaje?"

Alichofanya ni kupiga muhuri. Juu ya fomu akaandika: athibitishe uraia wa baba. Mama akaikunja kadi katika kitambaa chake taratibu, kama mtu amfunikaye aliyelala.

Tulirudi kwa gari dogo. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye lami, na malori yalikuwa yamesimama pale Mpemba kwenye foleni yao ya mpakani, moja nyuma ya jingine, kama ng'ombe waliolala wakiwa wima. Hayakuwa na mwanzo wala mwisho. Nilitazama taa zao zikipita dirishani, nikawaza kwamba huenda foleni ile inakwenda hadi baharini, na ng'ambo ya bahari inaendelea, na mwishoni kabisa kuna mwanamke wa Kinyiha, wa kabila letu, amekaa juu ya jiwe akimnyonyesha babu yangu.

"Mama," nikasema, "babu alifika Ulaya lini?"

"Baridi inaingia," akajibu. "Pandisha kioo."

Majuma yaliyofuata niliishi kama mtu aliyeazimwa na dunia nyingine. Nilikuwa nikisinzia kibarazani baada ya chakula, na kila nikisinzia, mama yake babu alinijia. Alikuwa akitembea peku juu ya theluji, ambayo mimi nimeiona kwenye kalenda tu, na kichwani alikuwa na kikapu cha ulezi. Aliwauliza watu njia ya Hasamba, na watu wale, waliovaa makoti marefu, walimwonyesha kwa kidole upande wa maji. Hakuonekana kuwa na hofu. Punje za ulezi zilikuwa zikidondoka nyuma yake moja moja, na pale zilipoanguka theluji ilikuwa ikitoboka. Nikiamka, nyayo zangu zilikuwa za baridi, na mke wangu aliuliza kama ninaumwa.

Nikiwa macho, nilifuata utaratibu. Niliandika kila njia ambayo mtoto wa Mbozi wa zama zile angeweza kuzaliwa Ulaya, kisha nikaikata kila moja kwa rula. Wapo walioondoka kwenda kubeba mizigo ya vita, lakini hao walikuwa wanaume. Wapo waliochukuliwa na wamisionari, lakini hao walirudi na majina, viatu na hadithi. Mama yake babu, kwa maelezo ya wote niliowauliza, alikuwa mwanamke aliyeogopa hata daraja la miti. Alikuwa akivuka mto kwa kuingia majini, kwa kuwa maji, alisema, angalau unayaona yanakoishia.

Wilaya yetu ya Mbozi ina jiwe kubwa la chuma lililoanguka kutoka angani. Wageni huja kulitazama na kulipapasa. Sijasikia ofisa yeyote akilitaka lithibitishe mahali lilipozaliwa.

Hatimaye nilikwenda kwenye kanisa alikobatizwa babu, huko milimani, msimu ambao mibuni ilikuwa imechanua na mashamba yalikuwa meupe hadi nikadhani bado naota theluji. Mchungaji, kijana mwenye adabu aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa mwingine, alinifungulia daftari la ubatizo. Lile neno lilikuwepo. Sikushangaa tena kwa hilo. Nilichoshangaa ni majirani zake. Watoto wengi wa ukurasa ule walikuwa wamezaliwa katika vijiji vinavyofahamika. Lakini mmoja, kwa mwandiko uleule mzuri, alikuwa amezaliwa njia panda. Mwingine alikuwa amezaliwa jalalani. Mwingine kwa Wasafwa, ingawa baba na mama wote walikuwa Wanyiha wa kijiji kilekile.

Nilikasirika. Nilikasirika kwa niaba ya taaluma yangu.

"Mchungaji, njia panda ni mahali pa kuzaliwa?"

"Labda uchungu uliwakuta safarini, mzee."

"Na jalalani?"

Akatabasamu. "Mzee, Bwana wetu alizaliwa zizini, nasi tuliandika hivyohivyo."

Nikaomba nakala yenye muhuri wa kanisa, nikashuka.

Nikaamua kulala Tunduma, halafu asubuhi nipitie Mpemba, kwa binti yangu wa mwisho. Mumewe anaziba pancha za malori pale barabarani. Binti huyu alikuwa mjamzito, na hatukuwa tukilisema sana jambo hilo, kwa sababu watoto wawili wa kabla tulikuwa tumewazika kabla hawajaota jino. Nilijua siku zimekaribia. Sikujua kwamba zimepita. Kwetu wanaume huambiwa mwisho.

Nilifika jua likiwa halijaushinda ukungu. Madereva walikuwa wakipiga mswaki kando ya malori yao, na moshi wa majiko ya wauza chai ulikuwa umechanganyika na ukungu hata kitu kikawa hakionekani mpaka ukikikaribia. Hivyo ndivyo nilivyouona ungo. Ulikuwa chini, ukingoni mwa kinjia kinachotoka barabarani, na ndani ya ungo, juu ya kitenge kilichokunjwa, alikuwemo mtoto mchanga peke yake, macho wazi, akiutazama ukungu kama mtu aliyekwishaufahamu.

Nikakimbia. Koti langu likavutwa kwa nyuma. Alikuwa mama yangu, ambaye nilidhani yuko Hasamba.

"Simama hapo. Hujaona kitu."

"Mama! Mtoto yuko chini!"

"Mtoto yupi? Nyumba hii haina mtoto."

Mlangoni binti yangu alikuwa amesimama, ametupa mgongo, paji la uso ameliegemeza ukutani. Mabega yake yalikuwa yakitetemeka. Mumewe alikuwa amejishughulisha na tairi ambalo, nina hakika, halikuwa na tundu lolote.

Kinjiani akaja mwanamke wa upande wa Zambia, mmoja wa wale wanaovuka asubuhi na mabunda ya vitenge. Akasimama penye ungo, akatua bunda, akamwinua mtoto.

"Mwapoleni!" akatusalimu kwa sauti kubwa. "Nimeokota mtoto wangu. Nani anauliza?"

"Hakuna anayeuliza," mama akasema. "Lakini unaonaje ukituuzia? Tunahitaji wa kututekea maji."

"Mtoto mzuri hivi? Wapi, mayo, mama yangu! Huyu naenda naye kwetu."

"Mzuri? Tazama masikio, kama popo. Na pua hiyo, nani aliikalia?"

"Basi kama ni mbaya mnamtakia nini?"

"Tumezoea vibaya. Hata mkwe tuliyepewa, mtazame."

Mkwe, juu ya tairi lake, aliinamisha kichwa zaidi. Dereva mmoja akacheka hadi akatema povu la mswaki. Mama akatoa sahani ya ulezi. Mwanamke akaitikisa, akalalamika kwamba ni nusu. Mama akaongeza kuku aliyefungwa miguu. Mwanamke akamgeuza kuku, akampuliza manyoya, akasema amekonda kama wanunuzi wake. Kisha akamweka mtoto mikononi mwa mama, na uso wa mwanamke yule ukabadilika ghafla, ukawa uso wa mtu aliye kanisani.

"Ametoka kwetu," akasema taratibu. "Mkiulizwa na yeyote, semeni hivyo. Ametoka mbali."

Akajitwika bunda, ukungu ukamfunga. Binti yangu akageuka, akafuta uso kwa upande wa khanga, akauliza kama jirani aliyepita njia: "Mama, huyo ni wa nani?"

"Mgeni," mama akasema. "Tumemnunua sasa hivi."

Nilikuwa nimesimama na bahasha ya kanisa mkononi. Kabla kuku hajabadilisha mikono, majina ya ukurasa ule yalikuwa yamekwisha kujipanga mbele yangu kama folio katika jalada: njia panda, jalalani, kwa Wasafwa, Ulaya. Wale hawakuwa watoto walioandikwa ovyo. Walikuwa watoto wa mama waliokwisha kuzika.

Ndani, tukinywa uji, mama alinieleza kwa sauti ya chini, bila kumtazama mtoto. Mama yake babu alikuwa amezika wanne. Wa tano alipokuja, wazee walisema aokotwe na mtu wa mbali, kadiri awezavyo kuwa wa mbali. Na aliyekuwa wa mbali kuliko wote alikuwa mke wa mmisionari, ambaye kila Alhamisi alipita kwa miguu kwenda chemchemi. Wakamlaza mtoto njiani, wakajificha migombani.

"Akamwokota?" nikauliza.

"Akamwokota, akalia, akakimbia naye nyumbani kwake. Hakujua kwamba anatakiwa kusimama auze."

Wazee wakafuata na jembe, jogoo na kikapu cha ulezi. Mmisionari akatoka, akasikia kwamba wamekuja kununua mtu, akawaka. Akawahutubia tangu asubuhi hadi mchana juu ya dhambi ya kununua binadamu, na mwalimu wa kanisa, kijana wa palepale Hasamba, akawa anatafsiri huku jasho likimtoka, maana yeye mwenyewe, alipokuwa mchanga, alikuwa ameokotwa. Mwisho mke yule, ambaye hakuelewa maneno lakini alimwona mama aliyesimama nyuma ya wazee na maziwa yakilowesha nguo yake, alimpokea jogoo.

"Ndiyo maana alitoka Ulaya," mama akasema. "Siku ya ubatizo mwalimu aliuliza, wazee wakajibu kwa pamoja, naye akaandika. Angeandikaje vingine? Kifo kilikuwa kikimtafuta mtoto wa Mnyiha. Kikikuta wa Ulaya kinapita. Kikapita. Baba alikufa mzee."

"Lakini Mama, sisi ni Wakristo."

"Mungu namwomba. Kifo nakidanganya. Hizo ni kazi mbili."

Kisha akanisogezea karatasi ya kituo cha afya, iliyosubiri kujazwa kwa ajili ya cheti cha mtoto. "Wewe ndiye karani. Andika amezaliwa Zambia."

Niliweka kikombe chini. Nikamwambia, kwa heshima yote anayostahili, kwamba sitaandika. Nikamwambia kwamba neno moja la namna hiyo limemfanya yeye, katika uzee wake, awe mgeni katika nchi ya mama yake, na kwamba mtoto huyu naye siku moja atasimama dirishani, na watu watacheka.

"Heri achekwe," mama akasema. "Anayechekwa yuko hai."

Tukatazamana. Sikumbuki tuliwahi kutazamana hivyo tangu nilipokuwa mtoto mwenyewe. Binti yangu, aliyekuwa amejilaza, ndiye aliyesema: "Baba, andika ukweli, lakini usiusome. Nasi tutasema uongo, lakini hatutauandika. Kila mmoja ashike kazi yake."

Nikaandika. Wilaya, kata, kituo cha afya, vyote kama vilivyo. Mama aliutazama mkono wangu ukienda, midomo ameibana, na nilipomaliza akaifunika karatasi kwa kiganja chake kana kwamba ina joto. Jina nililoandika lilikuwa la babu. Lilikuwa limemngoja mtoto huyu tangu mimba ilipojulikana.

Hapo ndipo nilipoelewa kilichofuata kabla sijauliza. Njia pekee ya kupata kitambulisho ilikuwa kiapo: mama asimame mbele ya hakimu, atamke kwamba baba yake, kwa jina lake lote, alizaliwa Hasamba.

"Kinasomwa kwa sauti?" akauliza.

"Kwa sauti, Mama."

"Kwa jina lilelile?"

"Kwa jina lilelile."

"Basi siendi. Jina sasa lina mtu, na kifo kina masikio."

"Na shamba? Wapimaji wataondoka. Wataliandika la kijiji, au la yeyote atakayejitokeza. Babu amelala humo."

"Shamba halifi," mama akasema, na akamvuta mtoto karibu naye, akamwambia kwamba ana masikio mabaya sana.

Nilirudi dirisha la pili peke yangu. Nilikuwa na nakala ya ukurasa mzima wa daftari, na barua ya mwenyekiti wa kijiji. Nikainama, nikamweleza ofisa desturi ile kwa sauti ya chini, bila kumtaja mtu. Nilitarajia acheke. Hakucheka. Alitazama nyuma yake, akatazama foleni, kisha akaniambia karibu na sikio:

"Mzee wangu, haya nayafahamu. Hata mimi niliokotwa. Bibi yangu mpaka leo ananiita wa jalalani. Siku ile nilipoiona kadi ya mama yako nilijua."

"Ulijua?"

"Nilijua. Lakini mfumo unataka karatasi. Lete kiapo." Akanisogezea barua ya mwenyekiti bila kuisoma.

"Na wewe, kitambulisho chako kinasema ulizaliwa wapi?"

"Hospitali," akasema. "Aliyekuja nyuma yako anasubiri, mzee."

Nilitoka nje. Malori yalikuwa palepale, au yalikuwa mengine yanayofanana nayo. Nilikaa juu ya tofali nikayatazama, na kwa mara ya kwanza tangu shauri hili lianze sikuona theluji wala bahari. Nilimwona mama akiwa nyumbani, anamnenea mabaya mtoto anayempenda, na nje, shambani Hasamba, watu wakivuta kamba zao za kupimia juu ya kaburi la baba yake.

Nilimwomba ruhusa ya kuandika. Alifikiri sana. "Ulilipwa kwa kuandika," akasema, "andika. Ila usimtaje mtu yeyote. Pasipo jina, kifo kitabisha hodi kwa nani?" Nimetii, na ndiyo sababu msomaji hakukutana na jina la mtu hata mmoja.

Kwa hiyo, baada ya kuyaweka mambo haya katika mpangilio wake, nadai yafuatayo, nayadai kwa maandishi na natarajia kujibiwa kwa maandishi. Ofisa wa dirisha la pili aeleze, mbele ya mkuu wake wa kazi, kwa nini alipiga muhuri juu ya jambo alilojua kuwa si kweli, na kwa nini ujuzi ambao ungemsaidia raia aliuacha nyumbani kwa bibi yake. Mkuu wake aeleze ni kifungu kipi cha sheria kinachosema kwamba mzee aliyezaliwa, akalima, akazaa na kuzika katika kijiji kimoja anaweza kugeuzwa mgeni kwa neno moja, huku barua ya kijiji chake ikirudishwa bila kusomwa. Ukurasa wote wa daftari la ubatizo upokelewe kuwa ushahidi, pamoja na maelezo ya desturi, bila kumlazimisha mama yangu kutamka jina ambalo hatalitamka. Na hadi majibu hayo yatakapotolewa, yakiwa na sahihi, cheo na tarehe, wapimaji waamriwe kuliacha shamba la Hasamba kama lilivyo, wasiliandike kwa jina la mtu mwingine yeyote.